Mwembe haunyolewi kipara: namna ya kupunguza miti ya nyumbani hapa Mombasa

Kusi likianza tu ndo watu wanakumbuka kwamba wana miti. Mwaka mzima mwembe uko pale uani, watoto wanapopoa, kamba ya nguo imefungwa hapo, hakuna hata anayeinua macho, alafu usiku mmoja mwezi wa sita unasikia kraa! juu ya mabati na asubuhi yake unatafuta kijana mwenye panga aukate wote yaishe.

Sisi tulifanya hivo hivo nyumbani kwa mamangu, Kisauni. Akaja jamaa, akapanda, akafyeka kichwa chote mpaka mti ukabaki vigutu vitupu, umesimama kama mtu anayeinua ngumi. Mwanga ukaingia uani, majirani wakasifu, mamangu akampa jamaa na chai juu yake. Mvua za masika zikaja, mti ukatoa fito, yani fito kweli, kila kigutu kina kumi au zaidi zinashindana kwenda juu, na baada ya miaka mitatu mwembe ulikuwa mrefu kama mwanzo. Kusi la mwaka ule likang'oa moja iliyokuwa imeshanenepa kama paja, ikashuka nayo kipande cha gome ikapiga tanki la maji. Nilipopanda kuangalia ilikotoka, ndani ya kile kigutu kulikuwa kumeoza, kweusi, unachota kwa kidole, na ile fito ilikuwa imeshikilia pembeni tu kama stika.

Hapo ndo nikaanza kujifunza, na haya ntakayoandika ni yale ambayo ningetaka mtu anambie kabla ya yule jamaa wa panga.

Tawi la kawaida limekua pamoja na shina tangu likiwa dogo, mwaka baada ya mwaka mbao ya shina inalizunguka, kwa hivo mzizi wake uko ndani kabisa. Fito zinazotoka baada ya kunyoa zinaanzia karibu na gome, hazina kitu cha ndani cha kuzishika, na zinakua haraka kwa sababu mti umenyang'anywa majani yote na majani ndo jiko lake, una njaa, unapika kwa pupa. Kwa hivo ukinyoa mti ili usikuangukie umejitengenezea mti utakaokuangukia, umeuchelewesha tu miaka mitatu minne. Na jua la hapa likipiga gome ambalo siku zote lilikuwa kivulini linababuka, gome linapasuka, wadudu wanapata mlango.

Sasa kukata kwenyewe. Kila tawi pale linapotoka kwenye shina lina uvimbe kidogo, kama shingo, ngozi yake imekunjamana. Kwenye mwembe na mwarobaini unaiona wazi, kwenye miti mingine mpaka upapase. Hiyo shingo ni ya shina, si ya tawi, na ndo yenye kazi ya kufunga kidonda. Ukate nje yake tu, uiache nzima. Ukikata ndani zaidi, sawasawa na shina ati iwe laini ipendeze, umetoa shingo na kidonda kimekuwa kikubwa mara mbili. Ukikata mbali ukaacha kigutu cha nusu futi cha kutundikia ndoo, kigutu kitakufa na kuoza, na uozo utatembea mpaka ndani ya shina. Vidole viwili vya kosa huku au huku ndo tofauti ya mti mzima na mti wenye pango.

Tawi jembamba la kidole gumba unakata mara moja kwa makasi ya miti, kwisha. Tawi la mkono kwenda juu usilikate kwa mkato mmoja kutoka juu, kwa sababu litaanza kuanguka kabla hujamaliza na litachuna gome la shina mpaka chini, umeshaona ile alama ndefu kama mtu amemenya ndizi. Anza chini ya tawi, kama futi moja kutoka kwenye shina, kata kwa kwenda juu mpaka theluthi ya unene, simama. Alafu sogea nje kidogo, kama upana wa kiganja, kata kutoka juu mpaka tawi lianguke, na likichanika litaishia kwenye ule mkato wa kwanza. Sasa umebaki na kigutu chepesi ambacho hakina uzito wa kuchana kitu, ndo unakiondoa pale nje ya shingo, kwa utaratibu, huku umekishika. Mikato mitatu. Kijana akikwambia ni kupoteza wakati mwambie wakati ni wako na mti ni wako.

Msumeno, si panga. Najua kila nyumba ina panga na msumeno mpaka uazime, lakini panga linachanachana, linaacha nyuzi nyuzi zinazoshika maji, na huwezi kulenga shingo nalo hata uwe hodari vipi. Msumeno wa matawi ule uliopinda kidogo, unaokata ukivuta, ni mzuri kuliko wa seremala kwa mbao mbichi. Kabla ya kuanza na ukihama kutoka mti mmoja kwenda mwingine futa meno kwa spiriti au dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kifuniko kimoja kwa vifuniko tisa vya maji, alafu ukimaliza siku suuza na upake mafuta, kwa sababu klorini na hewa ya bahari zikikutana na chuma, asubuhi una kutu. Hii ya kufuta watu wengi wanaicheka. Ndimu na michungwa inaambukizana magonjwa kwa makasi hivo hivo, na mwenye nayo anashangaa mbona imekauka moja baada ya nyingine.

Kidonda usikipake kitu. Najua, najua. Tumelelewa na oili chafu ya gari, lami, rangi iliyobaki ya geti, hata udongo na kinyesi cha ng'ombe. Alikuwepo mtaalamu mmoja Mmarekani, Alex Shigo, mtu wa idara ya misitu ya kule, alipasua maelfu ya miti kwa pawa-so (msumeno wa injini) kuangalia ndani kunaendaje, na kuanzia miaka ya 1970 akawa anawaambia watu kwamba mti hauponi kama ngozi yetu. Sehemu iliyoharibika haitengenezwi tena, mti unajenga ukuta kuizunguka, unaifungia ndani, alafu unaendelea kukua nje yake. Rangi na lami hazizuii uozo, mara nyingi zinafungia unyevu pale pale na kuvu wanafurahi. Ukikata nje ya shingo, siku ya jua, acha kidonda kikauke wenyewe. Kitu kimoja tu napaka, na si kwenye kidonda: chokaa nyepesi ya maji kwenye shina na matawi makubwa ambayo yamefunguliwa ghafla kwa jua, yasibabuke.

Kiasi gani? Robo ya majani kwa mwaka ndo mwisho, na mti mzee au mgonjwa hata hiyo ni nyingi. Ukiwa na mwembe uliojiachia miaka ishirini usitake kuumaliza siku moja, upangie misimu mitatu. Anza na matawi yaliyokufa, hayo hayahesabiwi katika robo na unaweza kuyatoa mwezi wowote. Alafu yaliyovunjika, alafu yanayosuguana, mawili yakisuguana toa moja, baki na lenye sura nzuri. Alafu yanayorudi ndani badala ya kwenda nje. Ukifika hapo shuka chini, rudi nyuma hatua kumi, angalia. Mara nyingi utakuta kazi imeisha na wewe ulidhani ndo unaanza.

Na usisafishe ndani ukaacha majani nchani tu kama fagio. Hii nayo iko sana, watu wanasema wanapitisha upepo. Unachofanya ni kuhamisha uzito wote uende mwisho wa tawi, kusi likija tawi linapiga kama fimbo ya kuvulia.

Angalia pia panda. Mahali shina linapogawanyika mara mbili, pembe ikiwa kama herufi U ni salama, ikiwa kama V nyembamba na gome limebanwa katikati, hapo ndo itapasuka siku moja. Mti ukiwa mdogo unachagua shina moja na jingine unalipunguza polepole. Mti ukiwa mkubwa ushachelewa kufanya mwenyewe, huo ita mtu anayejua.

Wakati wa kukata hapa pwani, kwa mwembe, mimi nafanya baada ya msimu mkubwa wa maembe kuisha, mwezi wa pili mpaka mwezi wa tatu katikati, kaskazi bado linakausha na masika hayajaja. Mvua zikianza mti unatoa majani mapya, yanakomaa, alafu yale matawi yaliyokomaa ndo yanatoa maua katikati ya mwaka. Ukikata mwezi wa sita umekata maua yenyewe, mwezi wa kumi na mbili wenzako wanakula ngowe na boribo na wewe unahesabu majani. Katikati ya masika sipendi kukata chochote kikubwa, kila kitu kimelowa, ukungu umejaa hewani, ule ugonjwa wa madoa meusi unaokuja mpaka kwenye tunda unasambaa kwa maji ya mvua. Na kufungua kichwa cha mwembe katikati kidogo, hewa ipite majani yakauke haraka, kunasaidia ugonjwa huo huo.

Mwembe mchanga ni rahisi na hakuna anayefanya. Ukifika kiunoni au kifuani kata ncha, utatoa matawi kadhaa, bakisha matatu au manne yanayotoka pande tofauti na si pahali pamoja. Fanya hivo miaka miwili mitatu ya mwanzo na utakuwa na mwembe mfupi mpana unaochuma kwa mkono, hutaki mkwezi hutaki mawe. Jihadhari na utomvu wake lakini, unachoma ngozi, wengine wanatoka upele wa uso mzima, vaa mikono mirefu na miwani.

Mnazi ni habari nyingine kabisa. Mnazi una moyo mmoja tu, pale juu katikati, ukiukata umeua mti, hakuna chipukizi pembeni. Kila kuti lina karara lake la maua hapo linapoanzia, na kuti ndo linalobeba kole la nazi zikinenepa, kwa hivo kukata makuti mabichi ni kukata nazi za mwakani na kuziachia za mwaka huu zining'inie hewani. Kipimo rahisi ni cha saa ya ukutani: vuta mstari kutoka saa tatu mpaka saa tisa (na hapa hata ukihesabu kizungu mstari ni ule ule, alhamdulillahi). Makuti yaliyo juu ya mstari hayaguswi, chini ya mstari toa yaliyokauka na ya manjano. Wale wanaosafisha mnazi mpaka ubaki na vikuti vitano vimesimama kama nywele za jogoo wanamkaribisha chonga, mdudu yule mweusi wa pembe, anapenda vidonda vibichi na anatoboa moja kwa moja kwenye moyo. Na mkwezi asipande na vyuma vya miguuni, kila tundu kwenye mnazi linabaki milele. Muhimu zaidi, kama mnazi uko juu ya parking au mahali watoto wanacheza, nazi ziangushwe kwa zamu kabla hazijajiangusha wenyewe.

Mvinje usiukate kichwa kwa matumaini kwamba utachipua, ukikata kwenye mbao nzee mara nyingi haurudi. Ni mti unaostahimili shida, ndo ule ule uliokubali kuota kwenye machimbo ya mawe ya saruji pale Bamburi mwaka 1971 wakati miti mingi mingine iliyojaribiwa ilikufa, lakini panga la kichwani haulivumilii. Mwarobaini kinyume chake, ukate utakavyo utarudi, tatizo ni kwamba unarudi na fito, kwa hivo zipunguze zikiwa changa, unazivunja kwa mkono tu. Mdimu na mchungwa wa kuunganishwa toa kila kinachochipua chini ya kiungo, hicho ni mti mwingine unaoiba chakula, na ndo sababu watu wanasema mchungwa wangu umegeuka ndimu kali. Mkungu una matawi ya ghorofa, toa ghorofa ya chini mti ukiwa mdogo usije ukakufungia njia. Mbuyu... mbuyu uache. Kama tawi limekauka na liko juu ya njia, sawa, lakini mbao yake ni maji matupu, kidonda kikubwa kwenye mbuyu si mchezo.

Kabla hujapanda popote angalia nani anakaa humo. Maji moto, wale chungu wekundu wa mitini, wakiwa na viota vya majani usiwateketeze wote, wanauma kweli lakini wanakula wadudu wa mnazi na mwembe, rudi siku nyingine au ukate upande ambao hawako. Nyuki kwenye pango la mti, usijaribu, tafuta mtu wa mizinga. Kurabu, wale kunguru wa mjini, nao wanajenga na vipande vya waya, na ukikaribia kiota wanakudonoa kichwa, na mtu aliye juu ya ngazi akidonolewa kichwa nyote mnajua anaenda wapi.

Stima ndo sitaki mzaha. Tawi bichi linapitisha stima, hewa yetu ina chumvi na unyevu, na si lazima uguse waya. Mti ukiwa na tawi ndani ya mita tatu za waya wa barabarani si kazi yako, si ya kijana wa mtaa, si ya fundi mwenye bima ya maneno. Piga 97771 ya Kenya Power, toa nambari ya mita au ya nguzo iliyo karibu, na ufuatilie maana bila kufuatilia utangoja. Waya wa kuingia nyumbani nao ni waya. Na mti ulioko barabarani nje ya geti lako, hata kama ni babu yako aliyepanda, uliza kaunti kwanza.

Ngazi ya alumini karibu na stima, hapana. Ngazi kuegemea tawi unalokata, unacheka lakini nimeona kwa macho yangu Tudor, jamaa amekaa upande usiofaa wa mkato. Pawa-so juu ya ngazi, hapana kabisa, pawa-so ni ya aliyefunzwa na amefungwa kamba yake mwenyewe kwenye mti. Kipimo changu: kazi ambayo siifikii miguu ikiwa chini, na tawi ambalo siwezi kulishika kwa mkono mmoja likishakatika, hiyo naita mtu. Chini kuwe na mtu anayezuia watoto na wapita njia, na huyo asiwe na kazi nyingine, asiwe anaokota matawi huku anaangalia simu.

Ukiita fundi muulize swali moja tu, utakata wapi? Akianza kukuonyesha tawi hili na lile, akagusa shingo, mpe kazi. Akisema tunaangusha yote juu mama, itachipua, mpe maji ya kunywa aende. Na mpatane kabla kwamba bei ni pamoja na kuondoa matawi, manake bei ya kukata na bei ya kubeba ni vitu viwili, nishaachiwa rundo mlangoni wiki mbili.

Kitu cha mwisho ambacho hakiko juu kabisa kiko chini. Sehemu nyingi za mji huu udongo ni kidogo, chini ni mwamba wa matumbawe, mizizi inatambaa pembeni haina pa kushuka. Sasa mtu anachimba shimo la choo mita mbili kutoka kwenye mti, anakata mizizi ya upande mmoja, anatandika kabro, yale matofali ya sakafu ya uani, mpaka kwenye shina, alafu masika yanalainisha udongo na kusi linasukuma. Mti unaanguka mzima mzima na majani yake mabichi, watu wanasema ni jicho. Ukiona mti umeanza kuinama wakati haukuwa umeinama, au ardhi imepasuka au kuinuka upande mmoja wa shina, au uyoga umeota pale chini, hapo hakuna kupunguza, toa watu na magari chini yake na uite mtaalamu siku hiyo hiyo.

Ukishakata, rudi baada ya miezi sita uangalie vidonda. Kama gome jipya linakuja kwa duara kamili, kama mdomo wa mtungi, umepatia. Kama linakuja pembeni kulia na kushoto tu, juu na chini hakuna kitu, umekata ndani sana, msimu ujao toka nje kidogo. Na kama pale palipokatwa pametoka fito nyingi umetoa majani mengi kupita kiasi, zivunje zikiwa laini ubakishe moja au mbili. Mwembe wa mamangu mpaka leo bado tunavunja.